Mabega ya Kukodi

Nyumba waliyokuwa wakiishi Ashby, mji wa chuo huko Alabama, ilikuwa na vyumba vitano vya kulala, na watu wawili tu wa kuvilalia. Seini alijaribu kuizoea. Mumewe, Lopeti, akishakwenda mazoezini, alikuwa akizunguka chumba hadi chumba akiongea peke yake kwa Kitonga, lugha ya visiwa vya Tonga huko Pasifiki, ili tu kuta zisikie. Kwao West Valley, kule Utah, alikulia katika nyumba ambayo mtu akitaka kulia faraghani ilimbidi akajifungie garini. Wajomba walilala kwenye makochi, mashangazi walishinda jikoni, na kila mara alikuwepo mtoto wa jirani wa kanisani ambaye hakuna aliyekumbuka alikuja lini wala anaondoka lini. Hapa Alabama alikuwa na ukimya wa kutosha kuugawia mtaa mzima, na mtaa wenyewe ulikuwa nao tele.

Kilichowaleta huku ni mwili wa mumewe. Lopeti alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, mtu wa kilo mia na arobaini mwenye sauti ndogo na aibu nyingi, na kazi yake katika futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu, ilikuwa kusimama katikati ya safu ya mbele na kuhakikisha hakuna anayepita. Kazi hiyo aliifanya miaka mitatu katika Chuo cha Jordan, nusu saa kwa gari kutoka nyumbani kwao.

Katika miaka hiyo Chuo cha Jordan kilikuwa kama sebule ya pili ya Watonga wa bonde lile. Wazee walikuja Marekani kumwaga zege na kufyeka majani kwenye nyua za watu. Wana wao wakakua wakubwa kama milango, wakaenda Jordan kwa sababu ni karibu na mama anaweza kuleta chakula. Vyuo vikubwa vya kusini na mashariki havikuwa na haja nao. Vilikuwa na vijana wao. Mara moja moja vilikutana na Jordan, vikaifunga, na Watonga wakarudi nyumbani kula.

Kisha sheria ikabadilika. Wachezaji wa vyuo wakaruhusiwa kulipwa, na kuhama kila msimu ukiisha kama mtu anavyohama nyumba ya kupanga. Na ikatokea kwamba mwaka uleule safu ya mbele ya Jordan ilikuwa ya binamu wanne, Lopeti, Vai, Kiteau na Soane, wote wamelelewa na bibi mmoja, na msimu ule hapakuwa na timu iliyoweza kupita katikati yao. Waliwashinda hata wale waliozoea kuwafunga. Simu zikaanza kulia kabla jasho halijawakauka. Majira ya baridi hayajaisha, Kiteau alikuwa Oregon, Vai Texas, Soane Florida, na Lopeti amesaini na chuo cha Ashby, Alabama. Kocha naye akaondoka. Alipata mahali pa kumlipa zaidi.

Bibi Sela, yule aliyewalea, alimwita Lopeti akae chini, mbele ya kiti chake.

"Huko Alabama tuna nani?"

"Hatuna mtu, Bibi."

"Sasa mtu mzima na akili zake anakwendaje mahali ambapo hana mtu?"

Lopeti akamwonyesha kwenye simu kiasi atakacholipwa. Bibi akavaa miwani, akahesabu sifuri kwa ncha ya kidole, akazihesabu tena.

"Hizi ni za maisha?"

"Za mwaka mmoja."

Bibi Sela akavua miwani. Alitazama dari, lile lililokuwa na madoa ya maji tangu Lopeti hajazaliwa. Akamtazama mwanawe Mosese, baba yake Lopeti, ambaye kumwaga zege kulikuwa kumemla magoti yote mawili.

"Nenda," alisema. "Ila urudi kabla sijazeeka."

Alikuwa na miaka themanini na minne. Nyumba nzima ilicheka, na Seini naye akacheka, huku akikunja nguo za mumewe.

*

Watu wa Ashby waliwapokea vizuri, hilo Seini hakuweza kulikana. Muuza magari aliwapa gari jipya ili Lopeti apigwe picha ameliegemea. Mkahawani hawakuruhusiwa kulipa. Jina lao la ukoo lilimshinda kila mtu, hivyo wakamwita "Lo Mkubwa," na siku za mechi watu laki moja walilipigia kelele jina hilo lisilokuwa lake.

Mechi ya kwanza Seini alipika lu kwa ajili ya timu nzima, kama mama zake walivyofanya Jordan: nyama ya kopo na tui la nazi, vimefungwa ndani ya majani na kuokwa polepole. Majani ya magimbi hakuyapata, akatumia sukuma wiki aliyopewa na jirani yake, Bi Earlene, mjane Mweusi aliyekuwa mwalimu zamani. Akapanga sufuria kwenye gari, akasubiri nje ya uwanja. Kijana mmoja mwenye shati la chuo akaja, akamweleza kwa adabu nyingi kwamba wachezaji hula kile tu kilichopimwa na mtaalamu wa lishe.

Akarudi nazo zote. Bi Earlene alimkuta amekaa kizingitini, sufuria miguuni.

"Kwani wamekufa njaa wote, au ni wapumbavu tu?" Bi Earlene aliuliza, akafunua mfuniko mwenyewe. "Leta kijiko, mwanangu."

Walikula wote wawili hadi jioni. Ndipo Bi Earlene alipomsimulia habari za kaka yake, aliyecheza chuo cha Weusi kilichoko mwendo mfupi kutoka pale, enzi ambazo vyuo hivi vikubwa havikumruhusu Mweusi hata kukanyaga majani ya uwanja.

"Jumamosi mji mzima ulikuwa pale kwetu. Bendi, kuku wa kukaanga, kofia za akina mama, we acha tu! Halafu hawa wakatufungulia mlango. Tulishukuru, tulikuwa tumeupigania. Lakini unajua waliowachukua kwanza ni nani? Si walimu wetu. Wachezaji." Akafuta vidole. "Sikusemi wewe wala mumeo. Nyie mmeitwa, mmekuja. Nasema tu, ule uwanja wetu bado upo. Siku nyingine nitakupeleka ukauone ulivyo mtupu."

Tangu siku hiyo Seini akawa na mtu mmoja. Lakini jioni, Lopeti akirudi na barafu imefungwa mabegani, walikaa kwenye kochi lile pana na kupigiana simu na nyumbani.

*

Bibi Sela alifariki Jumatatu moja ya mwezi wa Novemba, akiwa kwenye kiti chake, chini ya dari jipya.

Mosese ndiye aliyepiga simu. Lopeti alisikiliza akiwa amesimama, akasema "Ndiyo, Baba" mara kadhaa, halafu akaketi sakafuni kama mtoto. Mazishi yalipangwa Jumamosi, siku pekee ambayo ndugu wa kutoka Tonga na New Zealand wangekuwa wamefika. Na Jumamosi hiyohiyo Ashby ilikuwa inacheza na mahasimu wake wa miaka yote, mechi ambayo watu wa jimbo lile hupanga hata harusi zao zisigongane nayo.

Kocha alimkumbatia, akamwambia, "Familia kwanza, kijana wangu. Uamuzi ni wako." Na pengine alimaanisha. Jioni wakala wake akapiga simu, akampa pole, akavuta pumzi, akamkumbusha kipengele cha mkataba: fungu la mwisho la pesa ni la mchezaji asiyekosa mechi hata moja.

"Sikushauri kitu, kaka. Nakuambia tu kilichoandikwa."

Lopeti akampigia baba yake kumwambia anakuja hata hivyo. Mosese akampa simu Shangazi Lavinia, dada yake mkubwa, ambaye katika ukoo ule akishasema hakuna wa kusema baada yake.

"Lopeti."

"Shangazi."

"Nguruwe ishirini tumeagiza. Mikeka ya msiba na nguo za magome ya miti tumenunua kwa watu. Tiketi za ndugu wa Tonga tumekata. Nani analipa?"

"Mimi, Shangazi."

"Kwa pesa zipi?"

"Za Ashby."

"Basi kaa huko ucheze," Shangazi Lavinia alisema, na sauti ikamvunjika kidogo mwishoni. "Mama yangu anazikwa kama malkia kwa sababu yako. Mtume mkeo. Atasimama mahali pako."

*

Seini alipofika West Valley harufu ya nyumbani ilimpiga usoni kabla hajashuka garini: moshi wa kuni, nguruwe wa kuchoma, maua, makoti yaliyoloa theluji. Wanawake walimvua koti, wakamfunga kiunoni mkeka mpana wa msiba, ule uliochanika na kuchakaa makusudi, wakamwingiza jikoni. Kwa siku mbili alimenya viazi vikuu, akakaa sakafuni akiimba na kwaya, akaitwa kwa jina lake kamili na watu waliolijua. Alikuwa katika huzuni na bado alikuwa na furaha, akaionea haya furaha yake.

Ijumaa jioni wazee walikaa katika ukumbi wa kanisa kupanga watakaobeba jeneza. Seini alikuwa akipitisha chai.

"Wajukuu," akasema mzee mmoja kwa mazoea. "Desturi ni wajukuu."

"Wajukuu gani?" aliuliza Baba Mdogo Pita, mdogo wake Mosese. "Wa Oregon anacheza kesho. Wa Texas anacheza. Wa Florida mechi yake ni ya usiku. Wa Alabama ndiye huyu analipia nguruwe."

"Si wapo wale vijana wa Havili?"

"Wamehama Agosti. Arizona."

"Na yule mkubwa wa kanisa la Glendale?"

"Nebraska, mzee. Vijana wote wa bonde hili wenye mgongo wa kubeba kitu wamechukuliwa. Tumebaki sisi, wanawake, na wale wenye pumu."

Wakacheka kidogo. Seini alisimama na sinia lake. Alikuwa akiwaona binamu wale wanne kama walivyokuwa ukumbini humo, wakibeba meza za sherehe mbili mbili huku wakitaniana, wakimnyanyua Bibi Sela pamoja na kiti chake na kumpandisha ngazi kwa sababu tu walipenda kumsikia akiwatukana.

"Nitabeba mimi," alisema Mosese.

"Kaka, na magoti hayo?"

"Ni mama yangu."

Jumamosi asubuhi theluji ilikuwa imeganda makaburini. Bibi Sela alikuwa mwanamke mwenye mwili, na jeneza lilikuwa limezungushiwa mikeka na nguo za magome hadi likawa kubwa kama kitanda. Mosese alishika mbele, Pita nyuma yake. Wengine walikuwa mashemasi wawili wenye mvi na binamu mmoja wa New Zealand aliyetua jana yake. Nafasi ya mbele, upande wa pili wa Mosese, pale ambapo angesimama mjukuu mkubwa, ilikuwa wazi. Mashemasi walitazamana. Ndipo mfanyakazi wa nyumba ya mazishi, Mzungu mrefu aliyevaa suti nyeusi, akavua glavu, akasogea na kushika.

Kaburi lilikuwa juu ya mwinuko mdogo. Walikuwa wamefika katikati goti la Mosese lilipomwacha. Seini aliliona jeneza likiinama upande, akasikia wanawake wakivuta pumzi wote kwa pamoja. Yule Mzungu akatia bega chini, akapokea uzito wote wa mbele, akasimama kama mti hadi Mosese alipopata miguu yake.

"Asante, mwanangu," Mosese alimwambia, akihema.

Ni neno ambalo Mosese angemwambia kijana yeyote. Lakini Seini alilisikia, na hakuliweza. Aligeuka akatazama milima ya Wasatch mpaka macho yakakauka.

*

Baada ya maziko watu walirudi ukumbini kula, na mtu fulani akafungua televisheni bila kumuuliza mwingine. Hakuna aliyemkemea. Sauti waliizima kwa heshima, mpaka robo ya tatu ya mechi ilipoanza na Shangazi Lavinia mwenyewe akasema, "Ongezeni, tusikie wanamsemaje."

Lopeti alikuwa amefunga bandeji nyeupe mkononi, na juu yake ameandika kwa wino mweusi: SELA. Kamera ilipoisogelea, ukumbi mzima ulipiga ukelele, nusu kicheko nusu kilio. Mtangazaji alieleza kwamba mchezaji huyu amefiwa na bibi yake wiki hii, kisha mwenzake akaeleza ana kilo ngapi na ameangusha watu wangapi msimu huu. Alicheza kama mtu anayetafuta kitu chini. Watatu walimkaba pamoja na bado akapita hadi kwa mwenye mpira. Ashby wakashinda, na uwanja ukamwagika watu wakishangilia, na katikati yao kamera ikamkuta Lopeti peke yake kwenye benchi, taulo kichwani.

"Mtoto wa watu," alisema Baba Mdogo Pita taratibu. "Hapo alipo hakuna hata wa kumpa maji kwa Kitonga."

Simu ya Lopeti ilikuja jioni. Seini alitoka nayo nje, akasimama karibu na mashimo yaliyookewa nguruwe.

"Mmeshamaliza?"

"Tumemaliza. Ilikuwa nzuri, Lopeti. Watu wanasema bonde hili halijaona msiba kama ule."

"Baba yukoje?"

"Amekaa. Wanamkanda miguu."

Seini alijua swali linakuja, na njia nzima kutoka makaburini alikuwa akijiuliza atajibu nini.

"Nani alishika upande wangu?"

Angeweza kusema Pita. Angeweza kusema yule wa New Zealand.

"Mfanyakazi wa nyumba ya mazishi," alisema. "Mzungu. Simjui jina."

"Alikuwa na nguvu?"

"Alikuwa na nguvu. Baba aliteleza, na yeye hakutikisika."

"Basi vizuri," Lopeti alisema. Kisha akasema tena, chini zaidi, "Basi vizuri." Nyuma ya sauti yake Seini alisikia honi za magari na watu wa Ashby wakiimba barabarani kwa ushindi.

*

Januari, msimu ulipokwisha, binamu wote wanne walirudi nyumbani kwa wiki moja. Kwa siku hizo hakukuwa na kiti kitupu. Walikwenda makaburini wakasimama kwa mpangilio uleule waliosimama nao uwanjani, bila mtu kuwapanga, wakaimba. Soane, ambaye hakuwahi kulia mbele ya mtu, alilazimika kuchuchumaa.

Siku ya tatu kocha mpya wa Jordan alikuja na keki. Alikuwa mtu wa Georgia, mpole, na alisema wazi kwamba anamtaka Lopeti. Wafadhili wa chuo walikuwa wamechanga wakapata kitu. Hakikufika nusu ya kile cha Ashby.

"Kwenye safu ya mbele utakuwa na nani?" Lopeti aliuliza.

Kocha akawataja: wa Ohio, wa Louisiana, wawili wa Florida. "Vijana wazuri mno. Wachapa kazi."

"Jumapili wanakula kwa nani?"

Kocha hakulielewa swali. "Tuna mtaalamu wa lishe sasa," alisema kwa fahari.

Alipoondoka, Seini alimfuata mumewe uani, alikokuwa akikwangua theluji isiyohitaji kukwanguliwa.

"Nataka turudi," alisema. Hakuwahi kulisema hata siku moja, na sasa lilitoka lote. "Nimechoka kuwa mgeni wa heshima. Nataka mtu anigombeze kwa sababu nimeacha taa inawaka."

"Nikirudi, nachezea nani? Umemsikia. Jordan ile haipo. Kiteau hayupo, Vai hayupo..."

"Mimi sikuolewa na safu ya mbele, Lopeti! Nimeolewa na wewe. Baba yako yupo. Shangazi yupo. Bonde lipo."

Lopeti aliegemea koleo lake. "Na magoti ya Baba? Daktari amesema yabadilishwe yote mawili, na mwaka huu. Ada ya wadogo zangu?" Akamtazama. "Unadhani mimi silali nikiyawaza haya? Usiku nikifumba macho nasikia sauti zao kulia na kushoto kwangu. Vai anaimba, Soane anatukana. Nikifumbua, ni vijana nisiojua hata mama zao wanaitwa nani. Mwakani watakuwa wengine. Nasi pengine tutakuwa kwingine."

Seini alichukua koleo la pili lililokuwa ukutani, wakakwangua pamoja hadi uso wa zege aliyoimwaga Mosese ukaonekana, na hata hapo hawakuacha.

Jioni ile Lopeti alimpigia simu kocha wa Georgia, akamshukuru kwa keki. Kisha akasaini tena na Ashby, mwaka mmoja.

Ndugu waliwasindikiza uwanja wa ndege kwa magari matano. Ndege za binamu wanne zilipishana kwa saa chache tu, wakaingia pamoja, wakipita ukaguzi mmoja mmoja huku maafisa wakiushangaa ukubwa wao. Ndani walinunua chakula kingi wakakaa katika duara sakafuni, kama ukumbini, na wasafiri wakawa wanawazunguka. Kiteau aliondoka wa kwanza. Halafu Vai. Soane alipoitwa aliwabusu wote shavuni, akaenda mbio kwa sababu alikuwa amechelewa, mkoba wake ukigonga watu.

Wakabaki wawili. Lopeti alikuwa bado amekaa pale chini, na kwa upana wake wote, hakuweza kuijaza nafasi ile. Seini aliinama akaokota vikombe vya wenzao, akavitupa, kisha akarudi na kuketi karibu naye kabisa, upande ule aliokuwa akikaa Vai.

"Imba," Lopeti alimwambia.

"Hapa? Mbele ya watu?"

"Wimbo wowote. Taratibu tu."

Akamwimbia, bega kwa bega, mpaka safari ya Alabama ikatangazwa.